Hana Anapopokea Simu

Sogeeni karibu, wajukuu. Leo hatuendi porini kwa Sungura na Fisi. Tunavuka bahari hadi Yokohama, mji wa bandari ulio kusini ya Tokyo, na huko tutamfuata msichana mmoja tangu akiwa na miaka sita mpaka siku atakayopokea simu ya ofisini. Msimtafute, hayupo. Nimemtunga mwenyewe ili anisaidie kueleza jambo moja gumu la Kijapani, nikampa jina la Hana, maana yake ua, jina la kawaida kabisa huko. Kwa hiyo nikisema Hana ana begi, mjue sijachanganyikiwa.

Asubuhi Hana anatoka chumbani, anamkuta mama yake jikoni. Mtoto wa kwetu hapo angeanza na shikamoo, na akisahau angeulizwa, "Kwani tumelala wote?" Hana anasema "ohayō", basi. Salamu hiyo ina mkia wake wa heshima, "gozaimasu", ambao baadaye kidogo atampa mwalimu shuleni. Mama hapewi mkia, na wala hanuni. Zamani katika familia za tabaka la juu watoto walizungumza na wazazi wao kwa adabu kubwa mno, lakini siku hizi nyumba ya namna hiyo ni nadra. Mtoto wa Kijapani humsemesha mama yake kwa maneno yaleyale anayotumia akicheza na wenzake.

Msikimbilie kusema hawana adabu. Angalieni mezani. Baba, mama, Hana na mdogo wake wanaunganisha viganja na kusema kwa pamoja "itadakimasu" kabla ya kugusa chakula. Hilo ni neno la kujishusha, neno la mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Baba mwenye nyumba naye analisema, ingawa mchele kaununua yeye. Likumbukeni neno hilo, tutakutana nalo tena mbele ya safari.

Mdogo wake Hana hamwiti Hana kwa jina. Anamwita "onēchan", yaani dada, lakini Hana yeye anamwita mdogo wake kwa jina lake. Hapo nadhani mmejiona. Mama naye anamwita mumewe "otōsan", yaani baba, kama vile kwetu mke anavyomwita mumewe Baba Asha, ila wao Asha wamemwacha. Mwanaisimu Takao Suzuki aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1973: katika familia ya Kijapani watu huitana kwa kutazama kutoka pale alipo mtoto mdogo kuliko wote.

Sasa Hana anavaa begi lake gumu la mgongoni na kwenda shule. Huko anakutana na mtu ambaye hawezi kumwita "wewe". Kijapani kina maneno kadhaa ya wewe, na lililo rasmi zaidi ni "anata", lakini mwanafunzi akimwambia mwalimu anata, darasa zima litanyamaza. Anasema "sensei". Akitaka kujua kama mwalimu atakwenda nao matembezini, anauliza kwa kumtazama usoni: je, mwalimu naye atakwenda? Ni kama anamuuliza mwalimu habari za mwalimu mwingine. Na mwisho wa sentensi lazima aweke "desu" au "masu", viambishi vya adabu ambavyo nyumbani havihitaji.

Hapo ndipo Kijapani kinapoachana na lugha nyingi. Kwetu naweza kusema "mvua inanyesha" na sentensi hiyo isiseme lolote kuhusu wewe unayenisikiliza. Ni ya mvua tu. Mjapani akisema mvua inanyesha, lazima achague: "furu" kwa rafiki, "furimasu" kwa mtu wa kuheshimiwa au asiyemjua. Hakuna njia ya katikati ambayo haimtazami msikilizaji. Hata akizungumzia mawingu, anatangaza yuko umbali gani na wewe.

Miaka inakwenda. Hana anafika kidato cha kwanza, na hapa hadithi inapata uchungu kidogo. Jirani yake Mika, waliyekuwa wakichimba mchanga pamoja, amemtangulia darasa moja. Utoto wote Hana amemwita Mika-chan, na "chan" ni kiambishi cha mapenzi kwa watoto wadogo na watu wa karibu. Mwaka wa masomo Japani huanza Aprili. Hana anajiunga na klabu ya tenisi ya shule, anamkuta Mika mle, na tangu siku hiyo Mika-chan amekuwa Mika-senpai, mtu aliyetangulia. Vitenzi vyote vinabadilika. Walikuwa wanaambiana "twende", sasa Hana anasema kwa adabu na Mika anamjibu kwa mkato. Mwaka mmoja tu! Kwetu hakuna anayemwamkia shikamoo aliyemzidi mwaka mmoja, angedhani anadhihakiwa. Lakini katika klabu za shule za Kijapani, nani aliingia kwanza ni jambo zito, na watu wazima wengi wa huko husema kwamba lugha ya heshima hawakuifundishwa na mwalimu wa lugha, waliinyoosha uwanjani wakiokota mipira ya senpai.

Lugha hiyo ya heshima wanaiita keigo. Hana anaiingia barabara akiwa na miaka kumi na sita, anapopata kazi ya saa chache katika duka dogo la mtaani, aina ile inayokaa wazi usiku na mchana. Mlango ukifunguka anapaza sauti "irasshaimase!" Mteja hajibu. Hata kichwa haitikisi. Shikamoo bila marahaba kwetu ni ugomvi, lakini salamu ya duka la Kijapani haidai chochote, na mgeni anayesimama kuijibu kila mara atachoka kabla ya kununua maji.

Shikeni kitenzi cha kula niwaonyeshe kazi aliyonayo Hana pale kaunta. Kwa rafiki yake, kula ni "taberu". Kwa mtu asiyemjua ni "tabemasu", kitenzi kilekile kilichovaa adabu. Anapozungumzia mteja kula, ni "meshiagaru", neno jingine kabisa lisilo na undugu wa sauti na taberu; hili humpandisha yule anayekula. Na akizungumzia yeye mwenyewe kula mbele ya mteja, anasema "itadaku", akajishusha. Ndilo lile la mezani asubuhi. Kwa hiyo ziko njia tatu tofauti: kumwonyesha adabu anayekusikiliza, kumpandisha unayemzungumzia, na kujishusha wewe. Njia hizo huchanganywa, na akikosea akajipandisha mwenyewe huku akimshusha mteja, ni kichekesho. Wapo hata Wajapani wazima wanaokosea hapo.

Kuna na mambo yanayobana zaidi. Kwenda, kuja na kuwapo ni vitenzi vitatu, lakini vikipandishwa vyote huwa kimoja: "irassharu". Ukiambiwa mkurugenzi irasshaimasu, huenda yupo, huenda anakuja, huenda anakwenda. Utajua kwa mambo mengine yaliyosemwa. Heshima imekula maana. Ndiyo maana mimi siamini wanaosema lugha ya heshima ni ile inayoeleza zaidi. Mara nyingine inaeleza pungufu, na kupungukiwa huko ndiko kunakoifanya iwe laini.

Wafanyakazi vijana wa maduka na migahawa nao wamejizulia heshima yao, na wazee wanaisema sana magazetini. Mhudumu anakuletea kahawa na kusema "kōhī ni narimasu", ambayo ukiichukua neno kwa neno ni kama kusema hiki kinakuwa kahawa. Wazee huuliza: kwani kabla hakijawa kahawa kilikuwa nini? Au umeagiza wali sasa hivi, naye anakuuliza kwa wakati uliopita kama ilikuwa sawa kuagiza wali. Vijana hawana nia mbaya. Wameona kwamba kusema jambo kwa kulizungusha huleta upole, wakazidisha mizunguko. Mimi niko upande wao, maana keigo yenyewe ilijengwa hivyohivyo.

Serikali ya Japani imejaribu mara kadhaa kuipanga lugha hii. Mwaka 1952, vita vimekwisha na katiba mpya imesema watu wote ni sawa, baraza la lugha ya taifa lilitoa mwongozo uliosema kwamba heshima ya zamani ilijengwa juu ya mkubwa na mdogo, na ile ya kuanzia sasa ijengwe juu ya kuheshimiana. Mwongozo huo ulipendekeza "anata" liwe neno la kawaida la kumwitia mtu yeyote. Pendekezo hilo halikwenda popote. Hana na darasa lake ni mashahidi. Mwaka 2007 ukaja mwongozo mwingine, nao ukaigawa keigo katika mafungu matano badala ya matatu yaliyozoeleka shuleni. Kama kurahisisha ndiko huko, basi.

Lakini kitu kimoja kilishuka kweli. Tarehe 15 Agosti 1945 mfalme Hirohito aliwatangazia watu redioni kwamba vita vimekwisha, na wengi waliosikiliza hawakuelewa vizuri anasema nini. Redio ilikuwa inakwaruza, na lugha ilikuwa ya kale, ya ikulu. Humo mfalme alijiita "chin", neno la "mimi" ambalo nchi nzima mtu mmoja tu alikuwa na haki ya kulitumia. Hebu fikirini: mimi ya mtu mmoja! Mwanawe, Akihito, alipohutubia taifa kwa televisheni Agosti 2016 kueleza kwamba uzee umemfikia, alijiita kwa neno ambalo mwuza samaki naye hulitumia akiwa na adabu, na kila mtu alimwelewa.

Turudi kwa Hana. Amemaliza chuo, ana miaka ishirini na miwili, ameajiriwa na kampuni inayouza vipuri vya meli. Kampuni nyingi za Kijapani huwapokea waajiriwa wapya Aprili na kuwafundisha kwanza kuinama, kutoa kadi ya jina kwa mikono miwili, na kupokea simu. Simu isilie zaidi ya mara tatu; ikizidi, unaanza kwa kuomba radhi kwamba umemchelewesha mpigaji. Mkuu wa idara yake ni mzee mmoja tumwite Tanaka, ambaye cheo chake ni "buchō". Mchana kutwa Hana humwita Tanaka-buchō, na kila kitenzi kinachomhusu hukipandisha.

Simu inalia. Ni mteja. Anauliza, kwa maneno ya kupandisha, kama Tanaka-buchō yupo.

Sasa ninyi mngejibuje? Bosi wenu, mzee wa miaka hamsini na mitano, amekaa nyuma yenu na anasikia kila kitu. Bila shaka mngesema mheshimiwa mkuu wa idara ametoka kidogo. Hana anasema: "Tanaka wa tadaima seki o hazushite orimasu." Tanaka kwa sasa hayuko kwenye kiti chake. Jina tupu, hata "san" hakuna, ile anayopewa kila jirani na kila kinyozi. Na kitenzi cha mwisho, "orimasu", ni cha kujishusha. Mbele ya mteja Hana amemshusha mkuu wake mpaka chini kabisa, na Tanaka, akiwa amemnyooshea mkono kwamba hataki kusumbuliwa, ameridhika. Kama angesema "Tanaka-buchō" kwa kitenzi cha kupandisha, ndipo mzee angekunja uso.

Sababu ni hii. Wajapani huyagawa mahusiano katika sehemu mbili, ndani na nje. Nje wanaiita "soto", na ndani wanaiita "uchi". Haya, chekeni, nawasubiri. Mmemaliza? Uchi kwao ni nyumbani, upande wetu. Hana akiwa ndani ya ofisi, Tanaka ni mkubwa wake. Mteja akipiga simu, mpaka unahama papo hapo: Hana na Tanaka wamekuwa upande mmoja, mteja yuko upande wa pili, na upande wako hauupandishi mbele ya mgeni. Umri wa Tanaka haujabadilika wala cheo chake. Kilichobadilika ni nani anasikiliza.

Dakika kumi baadaye simu inalia tena. Safari hii ni mke wa Tanaka, anamuulizia mumewe. Hana anafanya nini? Anampandisha Tanaka tena, cheo na vitenzi, kwa sababu mbele ya mke wake Tanaka si wa Hana, ni wa mama yule. Mzee huyohuyo, kiti kilekile, ndani ya robo saa ameshuka na amepanda. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha keigo, na mtu anayeieleza kama ngazi ya wakubwa na wadogo peke yake ameisoma nusu.

Ndiyo maana pia kuna maneno mawili ya baba. Baba yako wewe ninayezungumza naye ni "otōsan". Baba yangu mimi, nikimtaja kwako, ni "chichi", neno la chini. Huku kwetu mwenyeji anaweza kukwambia karibu chai kavu, na ukikaa unaona sahani ya biriani. Chakula chake atakishusha. Baba yake hatamshusha hata mbele ya rais.

Wakorea, majirani wa Japani, wanafanana na sisi katika hilo. Lugha yao nayo ina ngazi nyingi za adabu, na vitenzi vyao navyo hubadilika, lakini kwa desturi yao Mkorea akimtaja baba yake au mkuu wake mbele ya mgeni, humpandisha vilevile. Mkubwa ni mkubwa kokote aliko. Nchi mbili zilizotenganishwa na mlango mdogo wa bahari, na Mkorea aliyeajiriwa Tokyo hulazimika kujifunza kumtaja bosi wake kwa jina tupu huku moyo ukimdunda.

Kisiwani Java, huko Indonesia, kula ni "mangan" kwa rafiki, "nedha" kwa mtu wa adabu, na "dhahar" kwa mtu wa juu. Mamia ya maneno yana jozi za namna hiyo. Kwenye mkutano wa vijana wa Oktoba 1928, walipoamua lugha moja ya taifa lao la baadaye, hawakuchagua Kijava ingawa Wajava walikuwa wengi kuliko wote. Walichagua Kimalay, kilichokuwa lugha ya biashara bandarini. Moja ya sababu zinazotajwa ni hizo ngazi. Na karibu na nyumbani zaidi, Rungwe na Kyela, mwanamke wa Kinyakyusa aliyeolewa alikuwa halitaji jina la baba mkwe wake, wala maneno ya kawaida yenye sauti kama za jina hilo. Ilimbidi atafute maneno mengine ya kuzungumzia vitu vya kila siku.

Wasweden wao waliivunja ngazi yao makusudi. Hadi katikati ya karne ya 20 walikuwa wakimuuliza daktari, ana kwa ana, kama daktari atapenda kahawa. Wewe lilikuwa neno la hatari, kama kwa Hana darasani. Mwaka 1967 Bror Rexed, aliyekuwa ameteuliwa kuongoza mamlaka ya taifa ya tiba, aliwaambia wafanyakazi kwamba atawaita wote "du", yaani wewe. Mabadiliko yalikuwa yameshaanza mitaani, lakini jina lake ndilo lililobaki katika kumbukumbu. Leo mwanafunzi wa Uswidi humwita profesa du na dunia haijaanguka. Japani ilipendekeza hivyo miaka 15 kabla, kwa mwongozo rasmi, ikashindwa. Lugha hubadilika watu wakishataka. Karatasi ya serikali huja nyuma.

Msitoke hapa mkidhani maneno ya heshima ndiyo heshima yenyewe. Wajapani wana usemi wao, "ingin burei", kwa mtu anayezidisha adabu mpaka inakuwa tusi; sisi tungesema anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na mke wa Kijapani ambaye siku zote anaongea na mumewe kwa maneno ya nyumbani, jioni moja akaanza kumsemesha kwa desu na masu, mume huyo aanze haraka kukumbuka amekosa wapi. Amehamishiwa nje.

Mkija kujifunza Kijapani, anzeni na desu na masu kwa kila mtu mzima, hamtapotea. Jina la mwenzako litie san, la kwako liache tupu. Ukijitambulisha kama Juma-san utakuwa umejipandisha mwenyewe. Vitenzi vya kupandisha na kushusha vitakuja polepole, na mgeni husamehewa mengi. Na siku mkiwaeleza Wajapani habari zangu, msiniite "ojiisan", hilo ni la babu wa mtu mwingine. Semeni "sofu". Ni neno la chini, lakini sitanuna.